Nyumba ya Kamba kwenye Ufuo wa Amana

Sitamchosha msomaji kwa habari za safari yenyewe. Nilifika nchi ya Hadhari nikiwa mzima, sanduku langu la zana likiwa limelowa upande mmoja, na hayo yanatosha. Mimi ni fundi wa milango. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila mtu huitazama nchi ngeni kwa jicho la kazi yake. Mpishi angefika Hadhari angewaletea habari za vyungu. Mimi nilitazama milango, na mlango wa kwanza niliouona katika nchi ile ulikuwa wa kamba.

Ulikuwa umesimama mchangani, hatua mia moja hivi kutoka majini: nguzo mbili nyembamba, na kamba moja iliyofungwa juu kutoka nguzo hadi nguzo. Hapakuwa na ubao wala bawaba wala komeo. Nyuma yake palikuwa na nguzo nyingine, na kamba zilizopita chini mahali pa msingi, ubavuni mahali pa kuta, na juu kabisa mahali pa paa. Ilikuwa nyumba kamili iliyochorwa hewani. Ndani yake mwanamke mzee aliinamia jiko, mkono mmoja unakoroga, wa pili umeshika mwavuli, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Nilikuwa na haraka ya kuuliza njia, basi nikainua mguu nikaivuka kamba ya ubavuni.

"Toka," akaniambia, wala hakuwa na hasira. "Toka upite mlangoni, mwanangu. Utaniharibia faili."

Nikatoka, nikazunguka, nikasimama mbele ya zile nguzo mbili nikijiona mjinga, nikapiga hodi kwa hewa tupu.

"Karibu," akasema. "Vua viatu, hapo ulipo ni barazani."

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Bi Somoe, mjane wa Mzee Haruni. Alinipa uji, akanipa mwavuli wa pili, akanieleza sheria ya nchi yao. Nami naieleza hapa kama nilivyoielewa, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Watu wa Hadhari wanaupenda ufuo wao, na wana haki. Unaitwa Ufuo wa Amana. Kasa hupanda kutaga pale, kaa wekundu hutembea makundi kwa makundi, na ndege wanaoitwa membe hushuka kwa mamia kila msimu kutoka nchi wasizozijua hata Wahadhari wenyewe. Zamani walikuwa na ufuo mwingine upande wa kusini. Waliujenga wote, nyumba bega kwa bega, mpaka kasa wakaacha kuja na bahari ikaingia jikoni. Kwa hiyo sheria yao ilizaliwa na kosa la kweli, na mimi sisemi kwamba ufuo usilindwe. Nataka hilo likumbukwe nitakapoanza kulalamika.

Sheria ilisema mtu asijenge makazi kwenye Ufuo wa Amana mpaka madhara ya makazi hayo yajulikane. Wataalamu wakakaa. Madhara ya nyumba ambayo haijajengwa yatajulikanaje? Walibishana miaka mingi, kisha wakapata jibu lililowafurahisha sana. Mwombaji ataisimamisha nyumba yake kwa nguzo na kamba, kwa vipimo vyake vyote, naye ataishi humo kama mtu aliye nyumbani. Idara ya Tathmini itamtazama na kuandika. Haruhusiwi kuweka ukuta, hata wa mkeka, kwa sababu huko ni kuitangulia hukumu. Haruhusiwi paa. Mwavuli unaruhusiwa, ila lazima ushikwe kwa mkono, maana mwavuli uliofungwa kwenye nguzo ni paa. Asivuke kamba pasipo mlango, asije akaharibu ushahidi. Akikosekana siku tatu mfululizo, faili linafungwa.

"Na tathmini huchukua muda gani?" nikauliza.

"Hii ya kwetu ina miaka kumi na tisa," akasema Bi Somoe, akanionjesha uji kama umekolea sukari.

Zamani nyumba za kamba zilikuwa thelathini pale ufuoni. Mwombaji mmoja alikwenda kumwoza binti yake bara, akakaa siku nne, faili likafungwa. Mwingine alilewa akapita ukutani mbele ya mashahidi. Wengi walichoka tu. Imebaki moja. Mzee Haruni ndiye aliyeomba, na katika miaka yake alikuwa akimshikia mkewe mwavuli anapopika, kisha mke akimshikia yeye anapokula. Mwaka wa kumi na moja, katika baridi ya kipupwe, kifua kilimbana, na hakukuwa na ukuta wa kuuzuia upepo. Tangu hapo Bi Somoe hupika kwa mkono mmoja. Barua za Idara bado zinakuja kwa jina la marehemu, na mjane huzijibu kwa adabu.

"Baada ya siku nane Baraza linatoa uamuzi wa ombi letu," akaniambia. "Wakikubali, najenga. Wakikataa, nina siku saba za kuondoka na vyungu vyangu."

"Una pa kwenda?"

"Ningekuwa napo ningekaa hapa na mwavuli?"

Nikamuuliza nyumba hiyo anaitakia nini hasa, maana baada ya miaka kumi na tisa mtu angeweza kuwa ameshasahau. Hakufikiri hata kidogo.

"Nataka mlango, fundi. Nataka niufunge. Anayenitaka apige hodi kweli, nami nikijisikia nimwambie angoje."

Maneno hayo yalinishika. Nimetengeneza milango zaidi ya mia nne, na wateja wangu wote walizungumzia nakshi.

Nikakaa kwake siku zile nane, katika kamba za chumba cha wageni. Asubuhi ya kwanza, saa mbili kamili, sauti ilitoka juu: "Shikamoo, Bi Somoe!"

"Marahaba, Shaame. Umekunywa chai?"

Mwisho wa ufuo, juu ya mwamba, palikuwa na mnara wa mbao, na juu ya mnara mtu wa makamo mwenye darubini na daftari. Shaame alikuwa mkaguzi wa zamu ya mchana kwa miaka kumi na miwili. Aliandika kila alichokiona: kaa wangapi, membe wangapi, moshi wa jiko umekwenda upande gani. Kila alasiri alipima urefu wa kivuli cha kamba, akakizidisha kwa hesabu aliyopewa, akapata kivuli cha ukuta ambao haupo. Kivuli hicho kiliandikwa kwamba kinawasumbua kaa.

Jambo moja lilinishangaza. Katika miaka yote kumi na miwili Shaame hakuwahi kushuka mchangani. Nilipomuuliza Bi Somoe, alisema wakaguzi hawaruhusiwi kuukanyaga ufuo. Nikaenda mwenyewe makao makuu ya Idara kuulizia.

Makao hayo yapo nyuma ya mwamba, juu ya kilima kirefu cha mchanga mweupe, chenye ngazi za mawe. Nilipokewa na mkuu wa Idara, Bwana Mwadini, mtu mpole, mwenye kucha safi, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa Baraza. Akanieleza kwa subira kwamba hatua ya mtu ni madhara, na kwamba mkaguzi asiyeweza kuuzuia mguu wake hawezi kumzuia mwingine. Nikakubaliana naye.

"Lakini mchanga hauwezi kutathminiwa kwa mbali," akaendelea. "Kwa hiyo huletwa hapa."

Akanipeleka dirishani. Wachukuzi walikuwa wakipanda ngazi kwa mstari, kila mmoja na pakacha la mchanga kichwani. Wao si wakaguzi, kwa hiyo sheria ya miguu haiwahusu. Mapakacha arobaini kwa siku. Ndani, katika ukumbi mrefu, mchanga ulimwagwa juu ya masinia, ukachekechwa, ukaelezwa rangi na harufu, ukaandikiwa ripoti, kisha ukatupwa nyuma kwa dirisha jingine.

"Mkiisha kuutathmini hamuurudishi?"

"Haiwezekani. Mchanga uliotolewa ufuoni si sehemu ya ufuo tena. Kuurudisha ni kutupa taka katika eneo linalolindwa."

Nikamuuliza juu ya jengo lile la ofisi, lenye ghorofa tatu na ya nne ikiendelea, kama nalo lilikaa miaka kumi na tisa katika kamba. Akacheka kidogo, kwa heshima. Sheria inazungumzia makazi. Hapa hakuna anayelala. Kisha uso wake ukabadilika, akanisogelea.

"Fundi, kuna jambo tumeligundua, na linatutia hofu. Ufuo unapungua. Tangu nyumba zile zipendekezwe umepungua hatua arobaini na mbili."

"Mnashuku nini?"

"Nyumba."

"Nyumba zipi?"

"Zinazopendekezwa."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa akinitania. Macho yake yalilengwa na machozi, na naamini hata sasa kwamba mtu yule aliupenda ufuo kuliko wengi. Nikamwonyesha kwa kidole wale wachukuzi waliokuwa wakimwaga mapakacha yao.

"Hao?" akasema. "Hao ni wetu."

Nikarudi kwa Bi Somoe nimevimba kwa hasira, nikamweleza. Hakuvimba. Alikuwa ameshaona mchanga ukipungua. Kila mwaka alihesabu hatua pungufu kwenda kunawa majini. Akanionyesha chumba chake cha kulala. Kitanda kilikuwa kimebanwa pembeni, na katikati palikuwa na duara la vijiti alivyovichomeka yeye mwenyewe.

"Hapo kuna mayai," akasema. "Kasa huyu huja kila mwaka. Mwaka wa kwanza alinikuta nimelala, nikamhamishia kitanda. Ukuta wa upande huu nitauachia nafasi chini, apite na wanawe wapite. Nimeshaupima mgongo wake kwa khanga."

"Umewaambia Idara?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Siku ya Baraza ilifika. Wajumbe saba walikaa kwenye ukumbi wa masinia, Bwana Mwadini katikati, karani mbele yao na ripoti ya majalada thelathini na mbili. Walianza kwa kumjadili kasa. Mjumbe mmoja alisema kasa kuingia nyumbani ni dalili kwamba nyumba imeziba njia yake. Wa pili akauliza, je, kama kasa asingeingia? Wa kwanza akajibu kwamba hiyo ingekuwa dalili kwamba nyumba imemfukuza. Wote wakaridhika, wakatiliana sahihi. Hoja hiyo ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu ilibidi isomwe mara mbili, mara moja kwa kila upande.

Bi Somoe alipewa dakika tatu, zilizopimwa kwa saa ya mchanga. Mchanga wenyewe, niliambiwa kwa fahari, ulitoka Ufuo wa Amana.

"Mimi sina mengi," akasema. Alikuwa amevaa khanga mpya. "Miaka kumi na tisa nimeishi mbele ya macho yenu. Mnajua napika nini na naoga saa ngapi. Siku mume wangu alipokufa mlikuwa mnaangalia. Kasa namjua, kaa nawajua, mnaweza kuniuliza. Nitajenga kidogo, nitajenga chini, na paa langu halitaonekana na membe kuliko mnara wenu. Nataka mlango tu, niweze kuu..."

Mchanga ukaisha. Karani akaipindua saa kwa ajili ya mtu mwingine, ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

Bwana Mwadini akafungua jalada la mwisho, ambalo ndilo lenye nguvu ya hukumu: orodha ya viumbe. Daftari za mnara hukusanywa kila mwaka, na kiumbe yeyote aliyeonekana ufuoni miaka kumi na mitano mfululizo huandikwa kuwa kiumbe wa asili wa Ufuo wa Amana. Akasoma taratibu.

"Kaa mwekundu, elfu nne na mia mbili. Membe, mia sita na tatu. Kasa, kumi na mmoja. Binadamu jike, mzee, mmoja."

Mjumbe mmoja akaomba kusomewa tena, akasomewa. Chini ya mstari huo palikuwa na mwingine mdogo, naye Bwana Mwadini akausoma pia, kwa kuwa alikuwa mtu makini. "Binadamu dume, mmoja, alionekana miaka kumi na moja. Ametoweka."

Sitaficha kwamba neno hilo lilinichoma, na mimi sikuwahi hata kumwona Mzee Haruni. Bi Somoe aliinamisha kichwa, akaanza kulikunja pindo la khanga, akalikunjua, akalikunja tena.

Uamuzi ulifuata bila ubishi, maana haukuhitaji ubishi. Ombi la nyumba limekataliwa, kwa kuwa ujenzi wake ungeharibu makazi ya asili ya kiumbe aliyebaki mmoja tu katika ufuo wote. Ile amri ya kuondoka siku saba haitumiki, kwa kuwa kiumbe wa asili hahamishwi. Kwa kifupi, nyumba ya Bi Somoe ilikataliwa kwa sababu ingemdhuru Bi Somoe.

"Bwana mwenyekiti," akasema Bi Somoe, "kiumbe wa asili anaruhusiwa nini?"

Bwana Mwadini akainua macho, hakumtazama yeye, akamtazama karani. "Andika kwamba sauti imesikika ukumbini."

Hapo nikasimama mimi. Nilijitaja kuwa mgeni, nikauliza swali lile lile, na kwa kuwa liliulizwa na mtu, karani akafungua kitabu akasoma. Kiumbe wa asili aruhusiwa kula, kuzaa, kutembea na kupumzika. Aruhusiwa kujitengenezea pango au kiota, kwa namna yake na kwa wakati wake, kwa vitu anavyovikuta ufuoni, na mtu yeyote asimzuie wala asimsaidie wala asimsemeshe. Mtu yeyote asikaribie makao yake hatua hamsini, wala asichukue mchanga ndani ya hatua hizo.

"Soma tena hapo kwenye kiota," nikasema. Akasoma.

Bi Somoe akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Haya fundi," akaniambia, "mimi nina kazi." Akatoka ukumbini, na watu wote wakampisha, kama watu wanavyompisha ng'ombe barabarani.

Kuanzia siku ile sikuruhusiwa kuingia kwake tena. Wageni, hata hivyo, wanaruhusiwa mnarani, nami nikahamia huko pamoja na Shaame. Asubuhi ya kwanza saa mbili ilifika, Shaame akafungua kinywa, akakifunga. Chini kule Bi Somoe alikuwa amesimama mbele ya mlango wake wa kamba, uso umeelekea kwetu. Alingoja. Kisha akasema, kwa sauti ya kila siku, "Marahaba, Shaame."

Shaame akachukua kalamu akaandika: Kiumbe alitoa sauti.

Bi Somoe akaanza kujenga. Wachukuzi wa mapakacha walikuwa wamekatazwa kumkaribia, na mchanga wa pale ulibaki mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Idara ianzishwe. Aliokota magogo yaliyoletwa na maji, akaokota mawe ya matumbawe na makuti yaliyoanguka, na kila asubuhi alijenga mpaka jua linapokuwa kali. Kamba za zamani alizifungua moja moja, akazifungia boriti. Nilikaa juu ya mnara na misumari mfukoni, na kila alipokosea pembe nilijishika magoti nisishuke. Mwanamke wa miaka sabini alikuwa anajenga mbele ya fundi, na fundi anaangalia kwa darubini. Sijawahi kuionea aibu kazi yangu kama wiki zile.

Ukuta wa chumba cha kulala aliuachia nafasi chini, upana wa khanga iliyokunjwa. Watoto wa kasa walipotoka, walipitia hapo. Shaame aliwahesabu akapata sabini na sita, akaniambia ndiyo idadi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, kisha akaandika kwamba sababu haijulikani.

Mlango tu ndio ulikosekana. Bahari huleta magogo, lakini mlango hauletwi na bahari. Nililifikiria hilo siku mbili. Siku ya tatu nikashuka, nikanunua mbao za mninga mjini, nikajificha nyuma ya kilima cha mchanga uliotathminiwa, na chini ya dirisha la Bwana Mwadini nikatengeneza mlango. Sikuuwekea nakshi, isipokuwa kasa mmoja mdogo juu, naye nilimchonga kwa sababu siwezi kujizuia. Niliufunga bawaba mbili na komeo la ndani. Nikauchukua hadi mdomo wa kijito ambako, kwa mujibu wa majalada ya Idara yenyewe, mkondo huelekea Ufuo wa Amana, nikausukuma majini. Nilikuwa na hofu nyingi. Ungeweza kwenda nchi nyingine kabisa.

Asubuhi ya pili uliletwa na maji ya kujaa, ukalala mchangani uso juu. Bi Somoe aliuona akiwa amebeba jiwe. Akaliweka jiwe chini. Akausogelea mlango, akakaa karibu nao, akapitisha kiganja juu ya yule kasa mdogo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kiumbe amekuta ubao mkubwa," Shaame akasema, akiandika.

"Ubao gani wenye bawaba?"

"Mimi sioni bawaba," akajibu, na darubini ilikuwa jichoni.

Ilimchukua siku mbili kuusimamisha. Siku ya kwanza ulianguka mara nne. Siku ya pili, saa nne hivi, ulisimama. Bi Somoe akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akasikiliza sauti ya bawaba. Kisha akaingia ndani, akageuka, akatutazama kule juu mara moja, bila uchungu wala furaha ninayoweza kuieleza, akaufunga mlango. Mahali nilipokuwa sikuweza kulisikia komeo, lakini mimi ndiye niliyelitengeneza, najua linavyolia.

Shaame alikaa na darubini. Alitazama ukuta, akatazama paa, akatazama mlango. Saa ikapita. Katika safu ya Binadamu jike akaandika: Hakuonekana. Mawingu yakakusanyika upande wa kusini, naye akaandika mawingu.

"Tangu nianze kazi nimeiangalia nyumba ile," akasema baada ya kitambo. "Najua chumvi anaitia kwa mkono upi. Najua analala ubavu upi. Sasa hivi sijui anafanya nini."

"Ndiyo maana ya mlango," nikamwambia.

"Anaweza kuwa anaumwa."

"Anaweza kuwa amelala, au anacheka, au amekaa tu. Huko ndani ni kwake."

Akaandika tena Hakuonekana, akaifuta, akaiweka kalamu katikati ya daftari. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mkaguzi wa Hadhari aliyewahi kulifanya. Alichukua mwavuli wake, akavua viatu, akashuka ngazi za mnara hadi chini, akasimama kwenye ngazi ya mwisho kama mtu anayepima maji kwa kidole, akaukanyaga ufuo.

Nilimwangalia kwa darubini yake mwenyewe. Alikwenda polepole, akiwakwepa kaa, na nyuma yake nyayo zilijipanga hatua kwa hatua, na mnarani hapakuwa na mtu wa kuziandika. Alipofika mlangoni alisita, akajipangusa miguu, ingawa ilikuwa na mchanga tu na alikuwa amesimama juu ya mchanga. Upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu, nikasikia.

"Hodi," akasema Shaame.

Kimya.

Akagonga mninga kwa vidole vitatu. "Hodi humu ndani."

"Nani?"

"Mimi, Bi Somoe. Mimi Shaame wa mnarani. Shikamoo."

Ndani palikuwa kimya tena, kimya kirefu kuliko kile cha kwanza. Mvua ikaanza kunyesha. Nikaona bega la Shaame likishuka, nikadhani atageuka arudi.

"Marahaba, Shaame," sauti ikasema. "Ngoja kwanza."

Akafungua mwavuli wake, akaushika kwa mkono, akangoja.